Utungaji: Insha ya Maelezo ya Mchakato
(Mfano wetu: jinsi mikwiro ya ngoma inavyotengenezwa kiwandani)

Mtahiniwa, insha ya mchakato huonekana rahisi kuliko zote, na kwa sababu hiyo wengi hupoteza alama ndani yake bila kujua zimepotelea wapi. Ukiambiwa ueleze namna kitu fulani kinavyotengenezwa, unaona jibu tayari unalo: kwanza hiki, pili kile, tatu kile, mwisho kinapakwa rangi na kuuzwa. Unaweka nukta, unageuza ukurasa. Msahihishaji anabaki na orodha mkononi.

Ninafundisha Ruangwa. Darasani kwangu wamo watoto wa mafundi seremala, watoto waliokulia kwenye maranda ya mbao, na kila mwaka najionea jambo lile lile. Mwanafunzi ambaye baba yake ana karakana ya vitanda huandika insha ya useremala ambayo mtu asiyewahi kushika randa naye angeweza kuiandika. Nyumbani anajua kwa nini mbao hii haifai na kwa nini ile lazima isubiri. Akikaa mbele ya karatasi anaandika yanayofanyika tu, na yale ya "kwa nini" anayaacha nyumbani.

Shika kanuni moja: kila hatua katika utengenezaji wa kitu ipo kwa sababu kuna kosa inalolizuia. Taja hatua, kisha taja kosa ambalo lingetokea kama hatua hiyo ingerukwa. Ukifanya hivyo, aya zako zitapata urefu zenyewe bila kujaza maneno ya bure, na msomaji ataona kuwa unaelewa unachokisema.

Tutaitumia kanuni hii kwenye kitu kidogo ambacho watu wengi hawakifikirii kabisa: mkwiro.

Mkwiro ni nini?

Mkwiro (wingi: mikwiro) ni kijiti cha kupigia ngoma. Wengi wenu mtaandika "fimbo ya ngoma". Utaeleweka, lakini fimbo ni ya mzee au ya mchungaji, na lugha imekupa neno lake mahsusi, litumie. Umeiona mikwiro kwenye bendi ya shule siku ya gwaride, na umeisikia kwa mashabiki wa Namungo timu ikicheza nyumbani. Miongoni mwa Wamakonde zipo ngoma ndogo zenye mguu mmoja uliochongoka, unaochomekwa ardhini, ambazo hupigwa kwa vijiti vyembamba. Si kila ngoma hupigwa kwa viganja.

Mkwiro wa kiwandani una sehemu zake, na majina yake yanafanana na ya mwili wa mtu: kitako ni upande mnene unaoshikwa; kiwiliwili ni sehemu ndefu iliyonyooka; bega ni pale unapoanza kupungua unene; shingo ni sehemu nyembamba kuliko zote; na ncha ni kile kichwa kidogo kinachogusa ngozi ya ngoma. Mkwiro wa ukubwa unaotumika sana duniani una urefu wa sentimita 40 hivi na unene wa milimita 14 hivi. Kumbuka vipimo hivyo, tutavihitaji.

Yanayotokea kiwandani, na sababu zake

Kuchagua mti. Viwanda vya Marekani hutumia zaidi mti uitwao hikori. Wengine hutumia mepo, ambao ni mwepesi zaidi, na Wajapani wana mwaloni wao, ambao ni mzito. Hikori ilichaguliwa kwa sababu ile ile inayomfanya mkulima wa Ruangwa asiingize kila mti kwenye shoka lake. Mpini wa shoka hupokea kishindo siku nzima. Mti mgumu lakini mkavu wa tabia hupasuka. Mti laini hubonyea. Unaotakiwa ni ule unaokimeza kishindo bila kuvunjika na bila kukirudisha chote mkononi. Hikori hutumika Marekani kwa mipini ya shoka na nyundo pia, kwa hiyo mpiga ngoma na mpasua kuni wanashika mti mmoja.

Kupasua kwa kufuata nyuzi. Gogo hupasuliwa mbao, na mbao hupasuliwa vipande virefu vya pande nne. Hapa ndipo insha nyingi hupita mbio, na hapa pana jambo kubwa. Ukipasua kuni kwa shoka utaona zinaachia kwa urefu, kwa kuwa nyuzi za mti zimelala kwa urefu. Kipande kinachofaa ni kile ambacho nyuzi zake zinatoka kitako hadi ncha bila kukatika njiani. Zikikata kona na kutokea ubavuni, mkwiro huo utavunjika mahali hapo hapo, tena siku ya pili tu ya kutumika. Kifundo cha tawi nacho hakitakiwi, kwa sababu nyuzi hukizunguka kifundo na kupoteza unyoofu. Kipande chenye kasoro ya namna hiyo hutupwa mapema, kabla hakijaongezewa gharama ya kazi nyingine.

Kukausha. Mti uliokatwa leo umejaa maji. Mbao huingizwa katika tanuri la kukaushia, joto na unyevu wa hewa vikidhibitiwa, hadi maji yaliyobaki ndani yake yafikie karibu asilimia 10 ya uzito wa mti mkavu, na pengine chini yake. Hesabu yake ni nyepesi: chukua uzito wa kipande kikiwa na maji, toa uzito wake kikiwa kikavu kabisa, gawanya kwa uzito huo mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 110 ambacho kikikauka kabisa kina gramu 100 kina unyevu wa asilimia 10.

Kwa nini joto lidhibitiwe? Kwa sababu mbao ikikaushwa kwa pupa, upande wa nje hukauka na kusinyaa wakati wa ndani ungali na maji, na hapo hupasuka. Na kwa nini ikaushwe kabla ya kuchongwa, isiwe baada? Mnaijua methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya malezi. Kwa mchonga mikwiro ni onyo, maana mti uliochongwa ungali mbichi hujikunja wenyewe ukikauka, wala hautakuomba ruhusa.

Kuchonga umbo. Vipande vya pande nne hupitishwa kwenye mashine yenye visu vinavyozunguka na kutoka vikiwa fito za duara, unene mmoja kutoka mwisho huu hadi mwisho huu. Sasa imebaki kuzipa bega, shingo na ncha.

Fundi wa kawaida angetumia kerezo, mashine inayozungusha mti huku yeye akishika patasi. Ndivyo zinavyokerezwa nguzo za ngazi na miguu ya vitanda vya zamani vya pwani. Kwa mguu wa kitanda njia hii haina tatizo, maana mguu ni mnene. Ufito wa milimita 14 ukishikwa ncha mbili tu na kusukumwa kwa patasi katikati, hukimbia patasi: hupinda kidogo, patasi hukata pungufu, na ufito hubaki mnene katikati kuliko mwisho. Tena fundi akikereza mia moja kwa mkono, utapata mikwiro mia yenye maumbo mia.

Viwanda vina njia mbili za kulimaliza tatizo hili. Ya kwanza ni kerezo lenye kisu kirefu kilichonolewa kikiwa na umbo zima la mkwiro. Ufito unazunguka, kisu kinashuka, bega na shingo na ncha vinatokea kwa pigo moja. Kisu hakichoki na hakisahau, hivyo mkwiro wa kwanza na wa elfu hufanana. Ya pili ni ya kusaga. Ufito hulala katikati ya magurudumu mawili huku ukiegemea bamba chini yake. Gurudumu moja ni la kusagia, linazunguka kwa kasi na uso wake umechongwa kwa umbo la mkwiro, ila kinyume: palipo na shingo kwenye mkwiro, gurudumu limevimba. Gurudumu la pili linazunguka polepole na kazi yake ni kuutawala mzunguko wa ufito usikimbie. Kwa kuwa ufito haukushikwa ncha mbili, bali umeegemezwa kwa urefu wake, hauna nafasi ya kupinda. Kazi nzima huchukua sekunde chache na kinachotoka ni vumbi badala ya maranda.

Ukiipata sababu hiyo ya "ufito hukimbia patasi" na kuiandika vizuri, nina hakika msahihishaji atainua kichwa.

Umbo lenyewe lina maana pia. Shingo ikiwa ndefu na nyembamba, mkwiro huchezacheza na kurudi haraka kutoka kwenye ngozi. Ikiwa fupi na nene, uzito huhamia mbele na pigo huwa zito. Ncha ndogo ya mviringo hutoa sauti kali kwenye matoazi, ncha kubwa hutoa sauti nzito.

Kupaka. Mikwiro husuguliwa kwa msasa, kisha mingi huingizwa kwenye pipa linalozunguka pamoja na laka, ikigaragara hadi kila mmoja upate utando mwembamba. Utando huzuia jasho na unyevu wa hewa kuingia tena ndani ya mti. Ukiwa mnene, mkwiro huteleza mkononi.

Kupima na kuoanisha. Mikwiro huuzwa miwili miwili, na hapa ndipo kiwanda kizuri hujulikana. Kila mmoja huviringishwa juu ya meza bapa. Uliopinda hujionyesha kwa kurukaruka. Hupimwa kwenye mizani. Kisha hugongwa na kusikilizwa, kwa sababu miti miwili ya unene mmoja inaweza kuwa na sauti mbili. Vic Firth, mpiga ngoma wa okestra ya Boston nchini Marekani, alianzisha kampuni yake ya mikwiro mwaka 1963 baada ya kutoridhika na iliyokuwa ikiuzwa wakati huo, na kampuni hiyo ikajulikana kwa kuoanisha mikwiro kwa uzito na kwa sauti. Ikiwa mkono wa kulia una mkwiro mzito na wa kushoto una mwepesi, mkono mmoja utachoka kabla ya mwenzake, na ngoma moja itasikika kama mbili.

Swali ninaloulizwa kila mwaka

"Mwalimu, kwa nini wasitumie mpingo wetu?" Mkoa wa Lindi ni nyumbani kwa mpingo, na mpingo ndio mti unaotengenezewa klarineti na zumari za okestra huko Ulaya, vipande hupasuliwa hapa, umbo hutolewa kule. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa, jirani zetu, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi wa misitu, na mpingo ndio uliokuwa mti mkuu wa mpango huo. Swali ni zuri na linajibika kwa hesabu.

Ufito wa sentimita 40 wenye kipenyo cha sentimita 1.4 una ujazo wa sentimita za ujazo 62 hivi. Sentimita moja ya ujazo ya hikori ina uzito wa gramu 0.8 hivi; ya mpingo, gramu 1.2 hivi, na ndiyo maana mpingo huzama majini. Zidisha: ufito wa hikori utakuwa na gramu 49, wa mpingo gramu 74. Jaribu kupiga ngoma saa mbili mfululizo ukiwa na nusu ya uzito zaidi katika kila mkono. Halafu mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na mkwiro ni kitu cha kuvunjika na kutupwa. Mti mmoja unafaa kwa klarineti inayotunzwa maisha yote, mwingine unafaa kwa kishindo. Mfano huu wa nyumbani ungeufungua utangulizi wako vizuri kuliko "Tangu zamani za kale binadamu amekuwa akitumia vifaa mbalimbali", sentensi ambayo nimeisahihisha mara nyingi hadi naiota.

Aya mbili, hatua moja

Soma aya hizi mbili kuhusu kukausha.

Ya kwanza: "Halafu mbao zinakaushwa. Halafu zinachongwa. Halafu zinapakwa vanishi halafu zinapelekwa sokoni."

Ya pili: "Baada ya kupasuliwa, mbao hukaushwa katika tanuri kwa siku kadhaa. Kazi hii haiharakishwi, kwani joto la ghafla husinyaza upande wa nje kabla ya ndani, na mbao hupasuka. Mbao zikichongwa zingali na maji, mikwiro itakayopatikana itapinda ikifika dukani."

Ya pili ina sentensi tatu na makosa mawili yanayozuiwa, la kupasuka na la kupinda. Angalia pia kwamba neno "halafu" halimo kabisa. Tumia "baada ya", "kisha", "-ki-" ya masharti na "kabla ya". "Halafu" moja inatosha kwa insha nzima.

Kitu kinabadilika, na upatanisho nao unabadilika

Hapa ndipo hata watahiniwa wazuri huanguka. Katika insha hii kitu unachokieleza hubadilika jina mara nne, na ngeli huhama pamoja nalo:

Mti ulikatwa, miti ilikatwa (U-I).
Gogo lilipasuliwa, magogo yalipasuliwa (LI-YA).
Ubao ulikaushwa, mbao zilikaushwa (U-ZI).
Ufito ulisagwa, fito zilisagwa (U-ZI).
Mkwiro ulipimwa, mikwiro ilipimwa (U-I).

Tazama umoja: mti, ubao, ufito na mkwiro vyote huchukua u-. Ukiandika kwa umoja hutakosea. Mtego upo kwenye wingi, kwa kuwa mbao na fito huchukua zi- lakini mikwiro huchukua i-. Mtahiniwa aliyekwishazoea zi- aya tatu huendelea nayo na kuandika "mikwiro zinapakwa laka". Sahihi ni "mikwiro inapakwa laka". Ukimaliza insha, rudi usome ukitafuta kosa hili peke yake.

Jambo la pili ni hu- ya mazoea, ambayo ndiyo sauti halisi ya insha ya mchakato: mbao hukaushwa, fito husagwa. Haitanguliwi na kiambishi cha ngeli, kwa hiyo "mbao zihukaushwa" si sahihi. Usiichanganye na hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili. Irabu ya mwisho ndiyo hutofautisha: "fundi hukausha mbao" ni mazoea, "wewe hukaushi mbao" ni ukanushi. Lakini vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadilishi irabu ya mwisho, na hapo mambo hugongana: "hubadili kisu" inaweza kumaanisha kuwa fundi ana kawaida ya kukibadili, au kwamba wewe hukibadilishi. Taja mtenda waziwazi na utata utaondoka.

Mazoezi

1. Kutokana na kitenzi "kereza", unda nomino tatu kwa unyambulishaji, kisha tunga sentensi moja kwa kila nomino. (Dokezo: mtu, kifaa, kazi yenyewe.)

2. Sahihisha: "Fito zikishasagwa, mikwiro zinaviringishwa mezani ili zile zilizopinda zionekane."

3. Sentensi "Hurudi kiwandani kila mwezi" ina maana mbili. Zieleze, kisha iandike upya mara mbili ili kila maana ijitegemee.

4. Fupisha sehemu ya "Kuchonga umbo" kwa maneno yasiyozidi 60, bila kuacha sababu inayofanya patasi ya mkono isifae.

5. Mtembelee fundi seremala, mfinyanzi au msusi wa mikeka wa karibu nawe. Usimuulize anafanyaje; kaa utazame. Katika kila hatua muulize, "Usipofanya hivi, nini kitaharibika?" Andika majibu yake kama alivyoyasema, kisha uyatumie kuandika insha ya kurasa mbili yenye kichwa utakachochagua mwenyewe.